Kadi Aliyosema Imeungua

Asubuhi nzima nakaa kwenye gari na siendeshi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ni mwalimu wa udereva: mwanafunzi anashika usukani, mimi nakaa pembeni yake na breki yangu moja chini ya mguu, namwambia punguza, angalia kioo, huyo mama anavuka, nimesema punguza! Nikishuka hapo mguu umekufa ganzi, na hamu ya kushika usukani mimi mwenyewe, kwenye barabara ndefu, bila mtu wa kuzima gari katikati ya mzunguko, imenijaa.

Ndiyo maana nacheza gemu ya malori. Sijifichi. Mimi ni mtu mzima, nina mume, nina leseni ya magari makubwa ambayo hakuna tajiri aliyewahi kuniajiri kwayo, na nikirudi nyumbani mchana nawasha kompyuta, navaa hedifoni masikioni, nashika usukani wa plastiki nilioufunga kwenye ukingo wa meza, napeleka mizigo mbali. Watu wakisikia wanacheka. Mume wa mtu akishinda mbele ya televisheni anaangalia mpira, huyo anapumzika. Mimi nikiendesha lori langu, eti akili zimeniruka.

Mume wangu hacheki. Yeye ni mwoka mikate. Anaingia kazini wenzake wanapopanda kitandani, anarudi asubuhi na unga kwenye nyusi, na mchana ndio usiku wake. Tuna chumba kimoja na kisebule, katikati kuna pazia tu. Basi ile kompyuta yangu ya zamani, lori likipanda mlima kwenye skrini, nayo inapanda mlima kwelikweli. Feni zinapiga kelele kama mashine ya kusaga. Mume wangu akawa anageuka huku, anageuka kule, anajifunika mto kichwani, hasemi neno. Siku moja nikamkuta bafuni, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kichwa ukutani, amelala fofofo. Nilijisikia vibaya sana.

"Kuanzia leo siiwashi tena," nikamwambia.

"Usiache," akasema, macho bado yamefumba. "Tafuta inayocheza kimyakimya."

Nikaanza kutafuta. Mashine mpya ya namna hiyo hatukuwa na uwezo nayo, hilo halikuhitaji kikao. Lakini nilisoma, nikaangalia video, nikauliza watu nisiowajua, na nikagundua kwamba kelele haitokani na nguvu ya kompyuta. Inatokana na joto. Feni ndogo inalazimika kuzunguka kama kichaa ili ipoze. Feni pana inazunguka polepole na kazi ni ileile. Kwa hiyo nikawa nanunua kidogokidogo. Nilipata feni mbili pana. Nikapata pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, nzuri na iliyotumika kidogo. Na kadi ya picha, ambayo ndiyo roho ya mashine ya gemu, niliipata kwa mchora ramani za nyumba aliyekuwa anafunga ofisi yake.

Kadi ile ningeitambua gizani. Ilikuwa na feni tatu. Mbili nyeusi, na ya tatu ya kijivu, kwa sababu ya mwanzo ilivunjika na mchora ramani akabadilisha kwa aliyoipata. Na mgongoni, binti yake mdogo alikuwa amebandika kibandiko cha bata wa njano, kisha akabandua kichwa. Mchora ramani aliniomba radhi kwa hilo. Nikamwambia bata hana neno, mradi kadi inafanya kazi. Akaiwasha mbele yangu, akaipa mzigo mzito, nikakaa karibu nayo nikisikiliza. Ilikuwa inapumua tu.

Sasa kuunganisha. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa sababu ya udugu. Mume wa dada yangu ana duka la kompyuta. Kibao cha duka kimeandikwa Bingwa, na mtaa mzima unamwita hivyo, hata mama yetu. Mimi mikono yangu niliiogopa. Nilidhani nikigusa kitu kimoja vibaya natia hasara yote. Nikabeba vitu vyangu vyote pamoja na ile kompyuta ya zamani, nikampelekea.

"Shemeji, hii kazi ndogo," akasema, akiigeuzageuza kadi mkononi. "Hii kadi umeipata wapi?"

Nikamweleza. Akaitazama muda mrefu. Mimi nikadhani ni utaalamu.

Baada ya wiki mbili akanipigia. Sauti ilikuwa ya msiba.

"Shemeji, uko mahali umekaa?"

"Niko kwenye gari na mwanafunzi. Kuna nini?"

"Ile kadi yako imeungua. Nimeiwasha tu, ikatoa moshi, kwisha. Huyo aliyekuuzia kakupiga. Hata kuitengeneza haifai, nimeitupa. Lakini usihuzunike. Wewe ni ndugu. Nimekuwekea nyingine ya kwangu, sikudai hata shilingi."

Nilimwambia mwanafunzi apaki pembeni. Niliumia, halafu nikaona haya kwa kuumia, maana hapa kuna mtu ananipa kadi yake bure. Nilimshukuru. Jamani, nilimshukuru! Nilikwenda sokoni nikamnunulia shati, la mistari ya buluu, la kola ngumu, nikalipiga pasi mimi mwenyewe, nikampelekea dukani. Na yule mchora ramani, mtu wa watu, nilimtumia ujumbe wenye maneno makali. Akanijibu kwamba hajui imekuwaje na yuko tayari kunirudishia nusu. Sikumjibu.

Kompyuta ilirudi nyumbani imepambwa. Mbele ina kioo, ndani ina taa nyekundu, kijani, zambarau, zinawaka na kuzimika kama duka la simu. Nikaiwasha. Nikapakia mbao kwenye lori, nikaanza kupanda mlima. Kabla sijafika nusu, feni zikaanza. Kelele zile za zamani zilikuwa nafuu. Hii ilikuwa inapiga mluzi. Na lori lenyewe likawa linakatakata kwenye skrini, linasimama, linaruka.

Pazia likafunguka. Mume wangu alisimama pale na kaptula yake, nywele zimelala upande mmoja.

"Hiyo ndiyo ya kimyakimya?" akauliza.

Nilirudi dukani. Bingwa akacheka mbele ya wateja. "Shemeji, gemu ni kazi nzito. Unataka ikae kimya kama sanduku la nguo?" Nikamwambia nilikuwa nimesikia kadi yangu ikifanya kazi na haikulia hivyo. "Ndiyo maana ikaungua," akajibu, na wateja nao wakacheka. Nikampigia mama. Mama akasema mtu amekupa cha kwake bure unataka nini tena, na hizo gemu mwanangu hebu waachie watoto. Dada yangu akaniandikia kwamba mume wake ameumia moyo, kwamba alikesha akinitengenezea, na kwamba sina shukrani.

Sina shukrani! Nilimeza. Kompyuta nikaifunika kitambaa, ikakaa hapo kwenye meza kama maiti, na mimi mchana nikawa natazama ukuta.

Miezi ikapita. Dada yangu akanunua makochi mapya, akapaka rangi sebule, akatualika wote tuje tuone. Mama alikuwapo, wifi wawili wa dada walikuwapo, jirani fulani mshonaji na mume wake walikuwapo, na mume wangu alijinyima usingizi akaja. Tukakaa kwenye makochi ambayo bado yana nailoni, tunasifia. Kisha Bingwa akasimama. Amevaa lile shati langu la mistari ya buluu.

"Sasa wageni njooni muone sebule halisi," akasema, akafungua mlango wa chumba cha pembeni.

Ndani kulikuwa na skrini kubwa, kiti cha ngozi, na kompyuta juu ya meza, ubavu wake wote ni kioo. Kadi ya picha hakuilaza kama watu wengine. Aliisimamisha wima, uso kwenye kioo, kama picha kwenye fremu, ili kila anayeingia aione. Akawasha gemu ya mpira, mume wa mshonaji akapewa kidude cha kuchezea, watu wakashangilia. Mimi nilisimama nyuma ya mama. Nikatazama kioo.

Feni tatu zinazunguka taratibu, hazisikiki. Mbili nyeusi. Ya tatu ya kijivu.

Kuna hasira inayokuja na kelele, hiyo naijua, naitumia kazini kila siku. Hii haikuja hivyo. Masikio yaliziba. Niliona mdomo wa mama unacheka na sikusikia kicheko.

"Shemeji," nikasema. "Hiyo kadi umeitoa wapi?"

Hakugeuka. "Ipi?"

"Hiyo yenye feni ya kijivu."

"Aa, hii niliagiza. Muda mrefu."

"Ni yangu."

Kidole cha mume wa mshonaji kikasimama juu ya kitufe. Bingwa akacheka kile kicheko cha dukani. "Shemeji bwana. Feni za kijivu ziko ngapi duniani? Yako iliungua, tumeshayamaliza hayo."

"Ulisema iliungua. Ulisema umeitupa."

"Mwanangu," mama akaanza.

"Mama, subiri. Kwa nyuma, upande usioonekana, kuna kibandiko cha bata wa njano. Hana kichwa. Kama hakuna bata, napiga magoti hapa mbele ya watu wote naomba radhi, na sitii tena mguu wangu kwenye nyumba hii. Fungua."

"Siwezi kufungua mashine inafanya kazi, kuna umeme humo."

"Izime."

"Sizimi mashine yangu kwa ajili ya wivu wa mtu!" Sasa alikuwa amegeuka, na jasho lilikuwa limetokeza kwenye kola ya shati langu. "Mnamwona? Nimemsaidia bure, hivi ndivyo anavyonilipa. Mbele ya wageni wangu!"

Mama akanishika mkono. Alinishika mimi. "Haya mambo ya ndani yanazungumzwa ndani," akaninong'oneza. "Unamwaibisha mume wa dada yako." Wifi mmoja akasema kumbe ndiyo maana watu hawasaidii ndugu. Mshonaji akaanza kutafuta mkoba wake. Na hilo ndilo lililonichoma kuliko kadi yenyewe. Hakuna aliyemwuliza yeye swali. Wote walikuwa wananitazama mimi, kama vile aibu haikuwapo chumbani mpaka nilipofungua mdomo.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameegemea mlango, macho mekundu kwa usingizi. Akasema taratibu, "Bata ama yupo ama hayupo. Tuangalie, tukanywe chai."

Aliyesogea ni dada yangu. Sikutarajia. Alikuwa amesimama muda wote na sinia la vikombe. Aliliweka sinia chini sakafuni, akapita katikati ya mume wake na meza, akachomoa waya ukutani. Skrini ikawa nyeusi.

"Unafanya nini?" Bingwa akasema.

Dada alimpa mgongo. Akafungua kile kioo, kumbe kinafunguka kama mlango wa kabati, akawasha tochi ya simu, akainama, akasogeza shavu lake karibu kabisa na kadi ili aone mgongo wake. Alikaa hivyo muda ambao mimi niliuona mrefu. Niliona bega lake linashuka.

"Yupo," akasema. "Hana kichwa."

Kisha Bingwa akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa barabarani nakanyaga breki bila sababu. Alisema, "Kwani wewe ungeitumia kufanyia nini kadi kama hii? Kuendesha malori ya katuni?"

"Dada," nikasema, "una bisibisi?"

Akaenda jikoni, akarudi nayo. Niliifungua mwenyewe, skrubu kwa skrubu. Mikono iliyokuwa inaogopa kugusa kompyuta siku hiyo haikutetemeka. Nilipoitoa, dada akanivulia kitambaa chake cha kichwa, nikaifunga humo kama mtoto mchanga. Mama alikuwa amekwenda kukaa kwenye kochi, anatazama nailoni. Nilimuaga kwa heshima.

Tulipofika nyumbani nilifungua kompyuta yangu ile iliyopambwa. Nilitaka kujua nimepewa nini. Kadi ya bure ilikuwa kikongwe, feni yake moja imepinda na inagusa kifuniko. Ule mluzi ulikuwa huo. Lakini hata feni zangu pana hazikuwamo. Zilikuwamo mbili ndogo, chafu. Pawa saplai nayo si yangu. Nilicheka, kile kicheko kibaya.

"Hata msumari angechukua kama ningempa," nikamwambia mume wangu.

Siku iliyofuata sikwenda popote. Nilimwandikia mchora ramani, nikamwomba radhi kwa maneno yangu, nikamweleza yote. Akanijibu kwamba binti yake amefurahi kusikia bata yuko hai. Halafu akanielekeza, hatua kwa hatua, kwa simu, namna ya kupanga.

Jioni dada yangu akagonga mlango. Ana mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na feni zangu mbili pana na pawa saplai.

"Nimezikuta dukani kabatini," akasema. "Zimebandikwa bei."

"Dada..."

"Usinishukuru. Nilikuandikia kwamba huna shukrani, unakumbuka?" Hakutaka kukaa. Aliniambia kwamba tangu asubuhi yuko dukani, anafungua kila mashine iliyoletwa kutengenezwa, anawapigia simu wenye nazo mmoja mmoja kuwauliza walileta nini. Aliniambia bila kulia. Namfahamu dada yangu tangu tunalala kitanda kimoja, na sikuwahi kumwona na uso ule.

Mapumziko ya mume wangu yalipofika tulifanya kazi pamoja sakafuni. Tulitoa kile kioo cha mbele kilichokuwa kinaiziba mashine pumzi, tukaweka wavu. Feni pana mbili zikakaa mbele. Vumbi tulilitoa kwa brashi yake ya kupakia mayai kwenye mikate, akaapa hairudi tena kazini. Juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine, nilifuta ile pesti ya kupitishia joto iliyokauka kama udongo, nikaweka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Hadi diski ya zamani iliyokuwa inakwaruza kama panya tukaitoa, tukaweka ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Mume wangu akakata vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, akaviweka chini ya miguu ya mashine ili meza isitetemeke nayo. Taa za rangi zote nilizichomoa. Mwisho nikaipunguzia kadi umeme kidogo kwenye mipangilio. Lori halikuona tofauti, lakini joto lilishuka.

Kesho yake mchana, yeye amelala, nikaiwasha. Nikapakia mzigo mzito kuliko yote, nikapanda ule mlima. Nikavua hedifoni, nikainamisha kichwa kusikiliza. Kitu pekee nilichosikia kilitoka nyuma ya pazia. Mume wangu anakoroma. Miaka yote hiyo ya ndoa, sikuwa najua.

Ningesema hadithi imeishia kwenye furaha hiyo, lakini haikuishia. Kwenye ukoo wetu likapita neno kwamba mimi nimevunja nyumba ya dada yangu kwa sababu ya kichezeo. Mama alikaa muda mrefu bila kunipigia, na alipopiga alinizungumzia hali ya hewa. Dada hakuondoka kwake, lakini sasa yeye ndiye anayekaa kaunta, na funguo za kabati ziko kiunoni mwake.

Halafu mchana mmoja nikasikia hodi. Nikafungua. Ni Bingwa. Hana shati lile, namshukuru Mungu.

"Shemeji," akasema, anatabasamu kidogo. "Habari za siku?"

"Sema taratibu, kuna mtu amelala."

Akachungulia juu ya bega langu. Kompyuta ilikuwa inawaka, lori limesimama kwenye taa nyekundu. Akasikiliza. Nilimwona anasikiliza.

"Dah, kweli haisikiki," akasema. "Dada yako aliniambia sikuamini. Sikia shemeji, nina mteja, ana mtoto mchanga, anataka ya hivi hivi. Feni umezipangaje? Na umeme wa kadi umeupunguza kwa kiasi gani?"

Nilihisi damu inapanda mpaka kwenye mashavu. "Hicho ndicho kilichokuleta?"

"Basi tu, tusaidiane. Sisi ni ndugu."

"Anza na samahani."

Akashusha pumzi, kama mtu anayedaiwa kitu asichokikumbuka. "Shemeji, yale si yamepita?"

"Hayajapita. Hujaniomba radhi mimi, hujamwomba mke wako, na mchora ramani ulimwita tapeli. Ukimaliza kwa wote watatu, njoo, nitakufundisha bure. Nimezoea kufundisha watu wagumu."

Nilimwona anapima, kweli anapima, kipi ni ghali kwake. Kisha akasema atamtafuta fundi mwingine amweleze, akashuka ngazi.

Nilitaka kuubamiza mlango ule mpaka bawaba zilie. Niliurudisha polepole, nikashikilia kitasa mpaka kikakaa. Nilirudi kwenye kiti, nikavaa hedifoni, nikashika usukani. Taa ilikuwa ya kijani, na nyuma yangu kulikuwa na foleni ndefu ya magari yananipigia honi.